Nyumbani kwa viza: niliyojifunza nikirudi Tanga na pasipoti ya Uingereza

Simu ilipigwa saa tisa usiku, mwishoni mwa Januari 2024. Nilipoona ni kaka yangu mkubwa, moyo ulijua kabla sikio halijasikia. Baba ametutoka. Kwetu maiti haisubiri msafiri. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri, nami niko Reading, Uingereza, nimeketi sakafuni jikoni, nasikiliza talakini kupitia simu ya mpwa wangu aliyeiinua juu ili sauti inifikie. Nikajipa moyo kwamba arobaini nitaiwahi. Siku arobaini si chache. Nitaomba ruhusa kazini, nitanunua tiketi kwa utulivu, nitakwenda na binti yangu akaliombee kaburi la babu yake.

Arobaini ilisomwa bila sisi.

Nauli nilikuwa nayo. Ruhusa nilipewa. Viza zetu zote mbili zilikuwa zimeshatoka, nimeziprinti na kuziweka kwenye bahasha. Tulizuiwa kwenye kaunta ya shirika la ndege, masanduku yameshapimwa. Dada wa kaunta alifungua pasipoti yangu, akaridhika. Akafungua ya binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, akatazama kompyuta, akarudia kutazama pasipoti, akamwita msimamizi wake. Pasipoti ya mtoto ilikuwa inakwisha Julai, na sisi tulikuwa mwanzoni mwa Machi. Tanzania inataka pasipoti ya mgeni iwe imebakiza angalau miezi sita kuanzia siku anayoingia. Yetu ilibakiza minne.

Nilikuwa nimeikagua ya kwangu mara tatu. Pasipoti ya Uingereza ya mtu mzima hudumu miaka kumi, na yangu ilikuwa na miaka mingi mbele. Nilichosahau ni kwamba ya mtoto chini ya miaka 16 hudumu miaka mitano tu. Niliichukua 2019, nikaiweka kwenye droo pamoja na yangu, na kichwani mwangu zote mbili zikawa "pasipoti mpya".

Mume wangu alikuwa Mombasa anamuuguza mamake, kwa hiyo sikuwa na wa kumwachia mtoto. Tulirudi nyumbani na masanduku. Ipo huduma ya haraka ya wiki moja ya kubadilisha pasipoti, na ya mtoto inakubalika humo, ila ni lazima upate miadi kwanza na ulipe zaidi. Mpaka miadi ipatikane na pasipoti itoke, khitma ilishasomwa, pilau limeshaliwa, watu wametawanyika. Viza ya binti yangu nayo ilikufa na pasipoti ya zamani, kwa sababu viza ya mtandaoni inafungwa kwenye namba ya pasipoti. Pasipoti mpya, namba mpya, maombi mapya, dola 50 nyingine.

Naandika haya kwa ajili ya kila mwenye mzazi mzee nyumbani, na pasipoti ya nchi nyingine mfukoni. Zitayarishe karatasi zako wakati wa amani. Simu ya usiku ikishapigwa, hutakuwa na akili ya kusoma masharti, na siku zitakuwa zimeanza kuhesabika.

Kwa nini kaunta ya ndege ndiyo mpaka wa kwanza

Siku ile nilimlaumu sana yule dada wa kaunta moyoni. Baadaye nilielewa. Shirika likimbeba abiria asiyeruhusiwa kuingia anakokwenda, nchi ile inaweza kulitoza faini, na shirika ndilo linalombeba kumrudisha. Ndiyo maana mfanyakazi wa kaunta hatumii huruma wala kumbukumbu. Anaingiza uraia wako, unakokwenda na unakopitia kwenye mfumo uitwao Timatic, unaoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na mfumo unamwambia apitishe au asipitishe. Kumweleza kwamba "mimi ni Mtanzania kwa kuzaliwa" hakumsaidii, kwa sababu pasipoti uliyomkabidhi haisemi hivyo.

Basi fanya kama yeye. Kabla hujalipa tiketi, chukua kila pasipoti ya kila msafiri, hata ya mtoto mchanga, uitazame kwa macho ya mtu asiyekujua. Inakwisha lini? Kuna ukurasa mtupu wa kupigia muhuri? Jina lililomo ndilo hilohilo litakaloandikwa kwenye tiketi, herufi kwa herufi? Hapa akina mama tunaponzeka zaidi. Unaolewa, unabadilisha jina la ukoo kwenye pasipoti, lakini akaunti yako ya kununulia tiketi bado ina jina la baba. Shoga yangu mmoja ilimbidi anunue tiketi upya uwanjani kwa sababu hiyo, na ya siku ileile haina bei ya kirafiki.

"Dada, hiki kinasema ulizaliwa hapa"

Niliapa kiapo cha uraia wa Uingereza mwaka 2016. Nilikuwa na sababu zangu, za kazi na za mtoto, na sijutii. Lakini mara ya kwanza kurudi nyumbani, 2017, niliingia na cheti changu cha kuzaliwa mkononi. Nilikitoa kwenye plastiki yake, nikakiweka juu ya kaunta ya Uhamiaji pamoja na pasipoti nyekundu, kama vile kile kidogo kingekifunika kile kikubwa. Afisa, kijana mpole, alikisoma chote. Akasema, "Dada, hiki kinasema ulizaliwa hapa. Pasipoti inasema wewe ni raia wa wapi." Kisha akanielekeza kwenye foleni ya viza.

Maneno yale yalinichoma, lakini alikuwa sahihi. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unamtoka. Hakuna barua unayoandikiwa, hakuna anayekupigia simu, umetoka tu. Pasipoti ya Tanzania uliyobaki nayo haikuwakilishi tena, na kuitumia kuingilia nchini ni kujitafutia kesi. Nawafahamu watu wanaofanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na wanasema haijawatokea kitu. Mimi nawaambia wanangu na wadogo zangu wasithubutu. Siku ikikutokea, itakutokea ukiwa na msiba.

Mazungumzo ya muda mrefu kuhusu hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje sasa yameingia kwenye sheria. Nayafuatilia kwa moyo wote. Lakini hadhi maalumu si uraia pacha, na mpaka uwe na kadi yake mkononi, wewe unasafiri kwa viza kama mgeni mwingine yeyote.

Tofauti na majirani zetu inauma ukiiona ndani ya nyumba moja. Mume wangu ni Mkenya. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, kwa hiyo ana pasipoti mbili. Tukifika Horohoro, mpakani mwa Kenya na Tanzania, yeye anatoa ya Kenya, anapita bila viza kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi niliyezaliwa Chumbageni, Tanga, ninayejua kila mchochoro wa Ngamiani, nimelipa dola 50. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ni kweli tunarejea, ila siku hizi ngamani pana dirisha la malipo.

Viza yenyewe

Kwa wenye pasipoti ya Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, viza ya kawaida ya Tanzania ya kuingia mara moja ni dola 50. Wenye pasipoti ya Marekani mambo yao ni tofauti: wao wanatakiwa kuchukua ya kuingia mara nyingi, ya mwaka mmoja, dola 100. Binamu yangu wa Minnesota alibishana nami kwenye simu kwamba ameonewa, kumbe ndivyo ilivyo kwa Wamarekani wote. Kuna pia viza ya kupita njia ya dola 30, na ya biashara ya dola 250.

Unaweza kuombea mtandaoni au kuilipia ukifika uwanjani. Mimi ni wa mtandaoni, tena mapema, wiki tatu au nne kabla. Ukiwa na mtoto aliyechoka baada ya usiku mzima angani, foleni ya kuandika fomu, kisha ya kulipa, kisha ya muhuri, ni adhabu. Ila angalia sana unaombea wapi. Tovuti halisi ya Uhamiaji ni visa.immigration.go.tz, na ile go.tz ya mwisho ndiyo alama ya kuitafuta. Ukiandika "viza ya Tanzania" kwenye intaneti, zinazotangulia mara nyingi ni tovuti za madalali zenye picha nzuri ya twiga, zinakutoza mara mbili au tatu, nyingine zinachukua pesa na picha ya pasipoti yako na hazirudi tena. Mama mmoja wa hapa Reading alilipa zaidi ya dola 150 kwa viza ya 50. Alipata viza, lakini pesa ile ilikuwa ya dawa za mamake.

Fomu yenyewe si ngumu. Weka picha ya ukurasa wa pasipoti iliyoskaniwa vizuri, si ya kupiga na simu kitandani yenye kivuli cha kidole. Weka picha yako ya usoni yenye nyuma nyeupe. Namba ya pasipoti isome kwa sauti kwa mtu mwingine wakati unaijaza, maana kosa la tarakimu moja lina maana viza si yako. Kwenye anwani ya mwenyeji mimi huandika jina la kaka yangu, mtaa na simu yake, na kaka huambiwa mapema kwamba anaweza kupigiwa. Jibu likija kwa baruapepe, liprinti nakala mbili. Najua tunaishi kwenye simu, lakini simu huzimika.

Neno moja kuhusu unachokwenda kufanya. Viza ya kawaida ni ya kutembea, kuona ndugu, mapumziko. Haikuruhusu kufanya kazi, hata kazi ya wiki moja, hata ya kujitolea kwa nia njema. Wengi wetu, wauguzi na walimu, tukienda nyumbani tunaombwa "njoo utufundishe kidogo", tunakubali kwa upendo, na hatufikirii kwamba mbele ya sheria sisi ni wageni tunaofanya kazi bila kibali. Kama una semina, ukaguzi wa mradi au kazi yoyote, waambie wanaokualika wakuulizie Uhamiaji kabla hujaondoka. Wakikujibu "ah, njoo tu, tutaona", usiende.

Njia ya Mombasa

Mwaka jana tulikwenda kupitia Kenya, ili tumwone mama mkwe kisha tushuke Tanga kwa gari. Ni safari ya kupendeza, Likoni hadi Lungalunga minazi mkono wa kushoto, lakini kwa karatasi ni safari ya nchi mbili, na kila nchi ina mlango wake.

Kenya iliondoa viza Januari 2024 na badala yake ikaweka eTA, idhini ya kusafiri unayoiomba mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Watu walisikia "Kenya imeondoa viza" wakadhani unaingia hivihivi. Si hivyo. Unaiomba kwenye etakenya.go.ke, ada ya msingi ni dola 30, na watoto nao wanaiombewa, kila mmoja ya kwake. Wanataka pasipoti yenye miezi sita mbele, picha, tiketi na mahali utakapolala. Tenga walau siku tatu za kazi za kusubiri jibu, na mimi nasema tenga wiki mbili. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji, lakini hapo tena kinachohesabika ni pasipoti unayoonyesha.

Kama Nairobi unabadilisha ndege tu na hutoki nje ya uwanja, huhitaji eTA. Hapa sasa ndipo tiketi za bei nafuu zinapouma. Ukinunua tiketi moja London hadi Nairobi, halafu nyingine peke yake Nairobi hadi Dar, mzigo wako unaweza kuishia Nairobi. Ili uuchukue lazima upite Uhamiaji, na kupita Uhamiaji ni kuingia Kenya. Huna eTA, umekwama kati ya ndege mbili. Tiketi moja mpaka mwisho wa safari ni ghali kidogo, na mimi nalipa.

Kuna pia viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90. Nimeshaulizwa mara nyingi kama inafika Tanzania. Haifiki. Ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa kuwa nimezitaja: Uganda inataka viza ya mtandaoni na cheti cha homa ya manjano, Rwanda mwenye pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola, Uingereza ikiwamo, hupewa siku 30 bila kulipa. Rafiki zangu wa Lubumbashi waliochukua uraia wa Ubelgiji wana hali kama yangu mimi, maana Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine.

Sasa kadi ya njano. Ukitua Dar kutoka London kupitia mji wa Ghuba, hutaulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukitokea Kenya utaulizwa, kwa sababu Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Vivyo hivyo ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi kama hiyo, Addis Ababa kwa mfano. Horohoro tulipokelewa na mhudumu wa afya kabla ya afisa wa Uhamiaji. Alitaka kadi, na alizitaka zote tatu.

Kadi yangu ni ya 2009, imeandikwa inakwisha 2019. Usitupe kadi ya namna hiyo na usichanjwe upya kwa hofu. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo moja inatosha maisha yote, hata kama kadi yenyewe imeandikwa miaka kumi. Mhudumu aliitazama, akaitikia kwa kichwa, akanirudishia. Ila kwa anayechanjwa mara ya kwanza, cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku mbili kabla ya safari hakukusaidii mpakani. Binti yangu nilimpeleka miezi miwili kabla. Na tafadhali, kama una zaidi ya miaka 60, una ujauzito, au kinga yako ya mwili ina matatizo, zungumza na daktari kwanza. Ni chanjo ya kirusi hai, si ya kila mtu. Daktari akiona haikufai atakuandikia barua ya msamaha, nayo unasafiri nayo.

Wenye pasipoti mbili

Mume wangu amenifundisha kanuni ambayo sasa naipa kila mwenye bahati ya pasipoti mbili. Mbele ya Uhamiaji wa nchi, utoke na ileile uliyoingilia. Mbele ya kaunta ya ndege, onyesha ile inayokuruhusu kuingia unakokwenda. Safari ile ile tulirudi kutokea Dar. Kwenye kaunta ya ndege alionyesha ya Uingereza, kwa kuwa tunakwenda London na Mkenya bila viza hapandi. Hatua ishirini mbele, kwa afisa wa Uhamiaji, alionyesha ya Kenya, kwa kuwa ndiyo yenye muhuri wa Horohoro. Angezichanganya, kompyuta ya Uhamiaji ingemwona Mwingereza aliyetoka nchini bila kuwahi kuingia.

Usiseme uongo ukiulizwa kama una nyingine. Sema ndiyo, na uitoe. Kwa Wakenya kuna jambo la ziada: aliyechukua uraia wa pili anatakiwa kisheria aitangazie serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Wengi hawajafanya hivyo. Afadhali uchelewe kuliko usitangaze kabisa. Na aliyepoteza uraia wa Kenya kabla ya 2010 anaweza kuuomba tena; najua wazee wawili wa Mombasa wanaoishi Birmingham waliofanya hivyo wakiwa na miaka sabini na kitu, na furaha yao sitaisahau.

Unapokuwa na mtoto peke yako

Binti yangu ana jina la ukoo la babake, na mimi nimebaki na la baba yangu. Mara mbili nimeulizwa mpakani, kwa adabu, huyu ni nani yako. Swali hilo linalinda watoto, kwa hiyo sikasiriki. Nasafiri na cheti chake cha kuzaliwa chenye majina yetu wote wawili, na barua fupi ya babake yenye saini, tarehe za safari, namba yake ya simu, na nakala ya pasipoti yake. Kama mmeachana, barua hiyo ndiyo muhimu zaidi. Kama mzazi mwenzio amefariki, beba nakala ya cheti cha kifo, hata kama ni karatasi usiyotaka kuigusa.

Unguja

Kama baada ya Tanga utavuka kwenda Unguja, kumbuka kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Kwa mtu mzima ni dola 44. Bima uliyonunua Ulaya haikai mahali pake. Hiyo ni ya ziada. Unailipia mtandaoni na kubeba risiti. Hata ukienda kwa boti kutoka Dar, beba pasipoti, utaonyesha bandarini.

Na zawadi msizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017.

Muhuri

Ukishapigiwa muhuri, simama palepale, usogee pembeni hatua moja, usome. Tarehe ya leo ni sahihi? Wamekupa siku ngapi? Watu wanadhani kila mtu hupewa siku 90. Wanaoandika siku ni maafisa, na wanaandika kulingana na ulichowaambia. Ukisema "wiki mbili" kwa mazoea, halafu mama akaugua ukataka kukaa miezi miwili, utakuwa umepitiliza bila kujua. Sema muda mrefu kidogo kuliko unaokusudia. Na ikibidi kuongeza, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla siku hazijaisha. Nimekwenda mimi mwenyewe Tanga, na pasipoti, tiketi na maelezo yangu, nikasikilizwa vizuri. Anayekwenda kabla ya siku kuisha ni mwombaji, na anayekwenda baada ya hapo ni mkosaji, hata kama sababu ni ileile ya mama mgonjwa.

Sasa nina bahasha ya kaki kwenye kabati la chumbani, si kwenye droo. Ndani mna pasipoti zote, kadi za njano, nakala za vyeti vya kuzaliwa, barua ya babake binti ambayo tarehe za safari bado hazijajazwa, na karatasi moja niliyoandika kwa kalamu nyekundu: siku ambayo kila pasipoti itakuwa imebakiza miezi tisa. Si siku ya kuisha. Miezi tisa kabla, ili nipate muda wa kuibadilisha na bado nivuke ule mstari wa miezi sita. Nakala za vyote kaka yangu anazo Tanga, kwenye simu yake na kwenye faili la mama. Kila Januari, siku ya kumbukumbu ya baba, tukimaliza kumsomea, binti yangu ndiye anayeishusha bahasha na kunisomea tarehe moja baada ya nyingine.